Siku Niliyorudisha Ng'ombe wa Karatasi

Mwezi uliopita nililamba stempu katika ofisi ya posta hapa Bariadi, nikasahau nilichofuata pale. Tangazo la kazi lilisema maombi yatumwe kwa njia ya posta, nami nilikuwa nimesimama kaunta na bahasha niliyokuwa nikiikagua tangu asubuhi: jina la mwajiri, namba ya sanduku, nakala za vyeti, halafu jina la mwajiri tena, kana kwamba lingeweza kubadilika nikiwa njiani. Dada wa kaunta alinichania stempu, akatafuta sponji ya kulowanishia, hakuiona. "We lamba tu, dada," akasema. Nikalamba. Ladha ile ya gundi, tamu kidogo mwanzoni halafu inakukaba kooni, ilinitoa pale ikanipeleka sebuleni kwetu, mbele ya wazee walionyamaza wote kwa pamoja wakinitazama mimi, mtoto wa darasa la tatu. Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hiyo kama kichekesho. Pale kaunta haikunichekesha. Nilishtuka kama vile ilikuwa inatokea wakati huo.

Nilikuwa nakusanya stempu. Ninyi wa umri wangu mtanielewa, maana tulikuwa wa mwisho mwisho kuona barua za kweli zikija nyumbani; waliotufuata walikuta simu. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kila barua iliyofika pale kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo ilifunguliwa, ikasomwa, na bahasha yake ikatupwa. Baba alizikata zile kona zenye stempu kwa mkasi wa ofisini akaniletea mfukoni, pamoja na nyuzi za pamba zilizokuwa zikimganda kwenye suruali msimu mzima wa mavuno. Nilizilowesha katika beseni la plastiki mpaka karatasi ya bahasha ilegee, nikaziambua polepole, nikaonja mgongo wa kila moja kwa ncha ya ulimi kujua kama gundi yote imetoka. Kisha nilizibandika zikiwa mbichi kwenye kioo cha kabati la vyombo ili zikauke bila kujikunja. Mama alilalamika kila mara.

"Kabula, wageni wakija watajua tunauza vyombo. Kila sahani ina picha ya rais wa watu."

"Zinakauka, mama."

"Na vikombe vyangu navyo vinakauka. Ziondoe."

Zikishakauka zilikuwa zikianguka zenyewe, moja moja, na mlio mdogo sana ambao mpaka leo naweza kuusikia. Nilizihifadhi katika bahasha kubwa ya kaki ya kiwandani. Nilikuwa na tembo, nilikuwa na maua, nilikuwa na vichwa vya wazee wenye ndevu kutoka nchi ambazo sikuweza kusoma majina yake. Nilidhani nchi yenye stempu kubwa ndiyo nchi kubwa.

Mwenzangu katika mambo haya alikuwa Limbu, mvulana wa darasa letu. Mama yake alikuwa mpishi parokiani, na mapadre wageni walipata barua nyingi kuliko kiwanda, kwa hiyo Limbu alikuwa tajiri. Tulibadilishana wakati wa mapumziko, nyuma ya choo cha walimu ambako upepo haukufika. Na kwa kuwa sote wawili tulikuwa watoto wa Kisukuma, wenye ndugu wafugaji huko vijijini, mimi Mwamapalala na yeye Migato, hatukujua namna nyingine ya kupima kitu cha thamani isipokuwa kwa ng'ombe. Stempu zote zilikuwa ng'ombe. Yenye mnyama mkubwa ilikuwa nzagamba, yaani dume la zizi. Yenye ua ilikuwa mtamba. Ndogo, zile za rangi moja, zilikuwa ndama. Bahasha yangu ya kaki ilikuwa zizi. Na ule muhuri mweusi wa posta, duara na mistari yake ya mawimbi, sisi tuliuona kwa macho yetu wenyewe kuwa ni chapa, kama ile ya moto wanayopigwa ng'ombe ili mwenyewe ajulikane. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tulitazama tu, tukajua.

"Huyu tembo wako mzee," Limbu alikuwa akisema. "Meno yenyewe hana. Nakupa ndama wawili."

"Ndama wawili kwa nzagamba? Umerogwa?"

"Nzagamba gani amepigwa chapa mpaka usoni? Huyo wezi wameshamwiba mara tatu."

"Basi muache. Nenda kanunue mnadani."

Siku moja Limbu alikuja na stempu ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Ilikuwa na samaki. Samaki wa buluu, mwenye mapezi kama nguo ya harusi, na ukiigeuza kidogo juani magamba yake yalimetameta. Niliuliza anataka nini. Nilikuwa tayari kutoa tembo na maua yote. Limbu alitazama viatu vyake.

"Chukua tu."

"Kwa nini?"

"Chukua tu, sitaki kitu."

Niliichukua. Ndivyo balaa lilivyoingia nyumbani kwetu.

Sengi yangu, yaani dada yake baba, alikuwa akiishi nasi mwaka ule. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyeachana na mume wake na hakuona haya kulisema hilo hata mbele ya mchungaji. Jioni alinikuta kwenye ngazi nikimgeuza yule samaki juani.

"Umempata wapi huyo?"

"Limbu amenipa."

"Umempa nini?"

"Hakutaka kitu."

Sengi, aliyeujua mchezo wetu wa ng'ombe, alipiga makofi akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. "Haya! Ukipokea ng'ombe wa watu bure bure, ng'wanawane, mwanangu, ujue unakwenda kwao kupika!"

Alisahau maneno hayo hapo hapo. Alikwenda kuangalia maharage. Mimi sikusahau. Ndivyo nilivyoumbwa, hata leo mtu akiniambia "tutaongea" na akaenda zake, siwezi kulala mpaka tuongee. Nilikaa na neno lile siku nzima iliyofuata, nikaligeuza kama nilivyomgeuza samaki. Ng'ombe ninao. Wana chapa. Nimewapokea. Sikutoa kitu. Kila sehemu ilikuwa kweli. Chakula kikaanza kunishinda, mama akaniangalia ulimi akidhani ni malaria.

Ijumaa Limbu akanimaliza kabisa. Alinikuta kwenye bomba la maji, akiwa amefurahi kama mtu aliyetumwa kutangaza sikukuu.

"Kesho wazee wetu wanakuja kwenu."

"Kufanya nini?"

"Kuoa. Wanakuja kupanga ng'ombe."

"Kuoa nani?"

"Si mtu wa kwenu!"

Kengele ikalia, akakimbia. Nilibaki na bomba wazi, maji yakinijaa viatuni.

Ukweli ambao watu wazima wote waliujua, na ambao hakuna aliyeona sababu ya kumweleza mtoto wa darasa la tatu, ni kwamba kaka yake Limbu, mwalimu Elias, na dada yangu Nkwimba walikuwa wamekubaliana tangu msimu wa palizi. Nkwimba alikuwa mtu mzima, anashona nguo kwa cherehani kwenye kibaraza sokoni, na nguo za Elias zilikuwa zimeanza kuchanika mara nyingi kuliko kawaida. Mimi nilichojua kuhusu Elias ni kwamba ana mashati mabovu.

Jioni hiyo nilimfuata sengi alipokuwa akimenya karanga. Nilijikaza nisilie.

"Sengi, mtu akipokea ng'ombe halafu hataki kuolewa, anafanyaje?"

Hakuinua uso. Nadhani aliwaza mambo yake mwenyewe. "Anawarudisha."

"Baadhi?"

"Baadhi! Wote. Mbele ya wenyewe, watu wanaona. Akibakiza hata mkia mmoja, huyo bado mke wa mtu."

Nilirudi chumbani nikamwaga zizi langu kitandani. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa shida yangu. Nani alikuwa wa Limbu na nani alikuwa wa kwangu? Tulikuwa tumebadilishana tangu tukiwa darasa la pili. Tembo alishawahi kuwa wake, akawa wangu, akawa wake tena. Maua mengine yalitoka kiwandani, mengine parokiani, na yote yalikuwa na chapa zisizosomeka. Kama ningebakiza moja tu iliyokuwa yake, ningekuwa mke wa mtu. Nilizipanga nikazipangua, mpaka nikaona njia ni moja. Zote ziende.

Wazee walifika kesho yake baada ya chakula cha mchana, kwa baiskeli, wakiwa wamevaa makoti kwenye jua lile. Kiongozi wao alikuwa baba yake mkubwa Limbu, mzee mrefu mwenye koti la kijivu lililozidi mabega. Nilimtambua, maana ndiye aliyekuja shuleni Limbu alipovunjika mkono. Nilipomwona anaegemeza baiskeli kwenye ukuta wetu nilikimbia ndani nikaichukua bahasha yangu ya kaki. Mpaka wakati huo sehemu fulani yangu ilikuwa ikitumaini kwamba Limbu anatania.

Mama na Nkwimba walikuwa jikoni, lile jiko la nje, na kuku alikuwa kwenye sufuria. Kwa desturi binti anayejiwa haonekani wakati ng'ombe wanapangwa, na tena hatajwi jina. Wanasema "binti yenu" tu. Nilisimama nyuma ya pazia la korido na kila waliposema "binti yenu" nilisikia mtu ananigusa begani.

Na mbele yao, juu ya mkeka, kulikuwa na vijiti.

Sikuwahi kuona jambo hili kabla. Wazee wa kwetu hawakupenda ng'ombe watajwe kwa mdomo mtupu. Kila ng'ombe aliwekewa kijiti, na vijiti vilisogezwa mbele, vikarudishwa nyuma, kimoja kimoja.

"Hiki kimekonda," baba alisema, akikigusa kijiti kwa kidole.

"Kimetembea toka Migato," mzee wa koti akajibu. "Kikinywa maji ya hapa kitanenepa."

"Na hiki je? Hiki kina pembe moja."

"Hicho ndicho kizuri. Hakitapigana na vya kwako."

Wote wakacheka kwa sauti ya chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepigwa na butwaa. Kama nyuma ya pazia lile kulikuwa na kitu cha kuniokoa, kilikuwa ni wazo kwamba stempu ni karatasi na ng'ombe ni ng'ombe, na kwamba mchezo wetu wa nyuma ya choo cha walimu ulikuwa mchezo. Sasa nilimwona baba yangu mwenyewe, mtu wa hesabu, mtu wa ofisini, akibishana juu ya afya ya kijiti. Kama kijiti kisichokuwa hata na picha ni ng'ombe, basi tembo wangu mwenye chapa usoni ni nini?

Niliingia.

Nilipiga magoti kama nilivyofundishwa. "Mwadila," nikawasalimu, na wazee wakaitikia bila kunitazama sana, wakidhani nimeleta maji ya kunawa. Nikafungua bahasha ya kaki, nikaigeuza juu chini katikati ya mkeka. Stempu zilimwagika juu ya vijiti. Nyingine zilipeperuka. Ua moja lilikwenda kutua kwenye kidole gumba cha mguu wa mzee wa koti.

"Nimewarudisha wote," nikasema. "Sijabakiza hata mkia."

Nimewahi kukaa kwenye usaili mbele ya watu watano wenye kalamu. Nimewahi kusimama kutetea utafiti wangu chuoni, nikasahau kichwa cha habari cha utafiti wenyewe. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Kuku wa nje walinyamaza. Mzee wa koti aliinama polepole, akalitoa lile ua kwenye kidole chake, akalitazama mbele na nyuma.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wetu," baba akasema. "Mdogo."

"Nani amemtuma?"

"Hakuna. Hakuna aliyemtuma, mzee wangu, huyu ni..."

"Mtoto hajitumi katika jambo kama hili."

Sengi alinieleza baadaye kilichompata yule mzee. Kwao, zamani, nyumba iliyotaka kusema hapana na ikaogopa ugomvi haikuisema kwa kinywa cha mtu mzima. Ilimtafuta mtoto, ikampa vijiti vya wageni, akavirudisha mbele yao. Mtoto hagombani na mtu, wala hakuna wa kumgombeza. Wageni wanainuka, wanaaga, habari imekwisha. Mimi nilikuwa nimelitimiza jambo hilo lote bila kulijua, na kwa heshima zote, mpaka magoti nimepiga.

"Tumesikia," mzee akasema.

Akakusanya vijiti vyake. Na kwa kuwa kilichorudishwa hakiachwi nyuma, akakusanya na stempu zangu, kwa viganja viwili, akazirudisha katika bahasha pamoja na vijiti, akaikunja. Wenzake waliinuka. Baba naye aliinuka, akawa anasema maneno ya Kisukuma kwa haraka ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema, maneno ya kuomba. Hawakungoja. Walitoka mmoja mmoja, wakachukua baiskeli zao.

Nilidhani nimeokoka. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nikishangaa kwa nini hakuna anayenishukuru, ndipo niliposikia mama huko nje.

"Wageni wanaondoka? Hawajala! Baba Nkwimba, wageni hawajala!"

Halafu nikamwona dada yangu. Nkwimba alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi na unga mpaka kwenye viwiko. Alimtazama baba usoni. Akatazama mgongo wa lile koti likivuka geti. Uso wake ulibadilika rangi, nami kwa mara ya kwanza nikaelewa, kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima, kwamba "binti yenu" hakuwa mimi.

"Kabula," sengi aliniuliza kutoka mlangoni, sauti imemkauka. "Umefanya nini, mtoto?"

Nkwimba alikuwa ameshatoka.

Alikimbia barabarani peku, mwiko mkononi, na sisi wote nyuma yake. Lori la pamba lilikuwa likija kutoka upande wa kiwanda na dereva akapunguza mwendo ili aone. Majirani walisimama milangoni. Binti anayejiwa, ambaye hakupaswa hata kuchungulia dirishani, aliwapita wale wazee na baiskeli zao, akageuka, akasimama mbele yao katikati ya njia. Akapiga magoti vumbini.

"Shikamooni, wazee."

Alisema kwa Kiswahili. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nadhani kwa Kisukuma, lugha ya nyumbani, asingethubutu, kingemfunga mdomo. Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni kwake, ya kumwambia mteja bei na siku ya kuchukua nguo.

"Marahaba," mzee wa koti akasema. "We ni nani?"

"Ni mimi mliyenijia."

Mtu mmoja pembeni akasema "Yesu!" Mama alijifunika uso kwa kanga yote. Mzee aliinua ile bahasha.

"Na hizi?"

"Hizo za mtoto. Anakusanya, anabandika kwenye kabati. Mimi sijarudisha ng'ombe wa mtu." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka lakini haikukatika. "Elias namtaka. Nilishamwambia na yeye anajua. Na kuku ameiva."

"Nkwimba," baba akasema. "Rudi ndani."

"Wakirudi wao narudi, baba."

Nilisikia ardhi inasogea. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kumjibu baba kwa masharti. Mama hakuwahi. Mimi, ambaye sasa nina shahada, ambaye huandika ujumbe wa simu nikaufuta, nikauandika upya, halafu nisiutume, sijaweza hata leo kusimama mbele ya mtu na kusema nakitaka kitu hiki, na nakitaka sasa. Nkwimba alilisema lake mbele ya dereva wa lori. Mwiko ulikuwa bado mkononi na ugali ukiukaukia.

Mzee wa koti aliutazama ule mwiko. Kisha akamgeukia baba.

"Huyu ndiye mliyekuwa mmemficha jikoni?"

Ni sengi aliyejibu, kutoka nyuma ya watu wote, kwa sauti iliyosikika mpaka kwa dereva. "Ndiyo huyo! Mmemsikia wenyewe! Huyo haendi kwa vile vijiti vyenu vilivyokonda!"

Kicheko kilianzia kwa mzee mmoja mfupi aliyekuwa nyuma, kikapita kwa wa pili, kikamfikia wa koti, naye akajaribu kukizuia kikamshinda. Aligeuza baiskeli. Lori likapiga honi, sijui kwa kutushangilia au kwa kutaka njia.

Walikula. Vijiti viliongezwa, vinono kuliko vya kwanza. Hata mimi niliona. Lakini kabla ya kufikia hapo niliitwa sebuleni, nikasimama mbele ya mkeka ule ule, na baba akaniuliza taratibu, mbele ya wote, nani aliniambia naolewa. Nikaeleza. Nikaeleza habari ya samaki, na chapa, na Limbu hakutaka kitu, na mkia mmoja. Nilieleza yote kwa mpangilio kwa sababu nilikuwa nimeyafikiria yote kwa mpangilio. Nilipofika kwenye kijiti na tembo, baba aliinama akajifunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanamruka. Nikashtuka upya. Sikuwahi kumwona baba akilia. Ilinichukua muda kujua kwamba hakuwa analia.

Mzee wa koti peke yake hakucheka. Alichambua vijiti vyake kutoka kwenye bahasha, akabakiza stempu ndani, akainyoosha bahasha kunielekea kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake kitu cha heshima.

"Haya, mama. Chukua ng'ombe wako."

Nilimtazama. Niliitazama bahasha. Kwenye kona iliyokuwa wazi niliona pezi la buluu limechomoza. Nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo, nikaushika mmoja kwa mwingine isije ikaninyookea yenyewe.

"Sitaki," nikasema. "Nikipokea nitaolewa."

Huko jikoni Nkwimba aliangua kicheko, kicheko kikubwa cha mdomo wazi ambacho bibi harusi hapaswi kabisa kukitoa wakwe wakiwa sebuleni, na mama akasikika akimnyamazisha huku naye akicheka. Mzee alinisubiri kidogo, kama ningebadili mawazo. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa uzito ule ule aliokuwa nao kwa baba wakati wa vijiti.

"Huyu ana akili," akamwambia baba. "Huyu mkija kumpanga, tafuteni mtu mwenye zizi."

Akaikunja bahasha, akaitia katika mfuko wa koti. Jua lilipopungua waliaga na kupanda baiskeli zao, na mfuko ule ulikuwa umevimba ubavuni mwake: tembo, maua, wazee wenye ndevu, samaki, nchi kubwa na nchi ndogo, zote zikielekea Migato. Nilisimama getini mpaka koti likapotea kwenye vumbi la njia. Kisha nikarudi jikoni, nikamwambia dada nina njaa, kwa mara ya kwanza tangu nimchukue yule samaki wa Limbu, na Nkwimba akanipakulia paja la kuku.